Gari ya Kumpeleka Rehema Kanisani

Kwako dada yangu Nyangeta, hapo Guta,

Shikamoo dada. Mgongo umekuachia, au bado ukiinama unaomba ruhusa kwanza? Mama anakula vizuri huko Kisorya? Mimi mdogo wako ni mzima, ila baridi tu. Juzi nilipiga chafya, ikaganda hewani, ikaanguka chini kama kokoto. Usicheke, niliiokota.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelainika. Kumbe harusi ya Rehema ni mara tu baada ya mavuno! Unasema watu hapo wanaulizia gari ya mjomba, ile ya umeme isiyopiga kelele, niliyoahidi kumbebea bibi arusi. Halafu ukaniandikia na maneno ya mtoto mwenyewe: "Mama, anayekuja ni mjomba au ni gari?" Dada, kuchoma watu huyo binti amefundishwa na wewe.

Basi nikueleze. Unajua hapa kwenye yadi ya magari hakuna muoshaji kama mimi. Kioo nikikisugua, ndege wanakigonga kwa vichwa wakidhani hakuna kitu. Sasa serikali ya huku inataka watu waachane na magari ya mafuta. Ukinunua ya umeme wanakufutia kodi, tena wanakuchangia sehemu ya bei. Ni kama baba mkwe akuambie, oa binti yangu, na nusu ya ng'ombe za mahari natoa mimi mwenyewe. Umeona wapi? Mkoa mzima wa Mara hakuna. Na mchango wenyewe unafungwa mwisho wa mwezi huu. Nikavaa koti ya marehemu baba, nikaenda ofisini.

Nikamkuta mama mmoja wa miwani, ana roho nzuri. Akajaza fomu, akafika mahali akasimama.

"Bwana Magesa, gari hii lazima ikae humu nchini miaka kadhaa. Ukiitoa mapema, mchango wote unarudisha."

"Hata ikienda harusini tu?"

"Harusi iko wapi?"

"Guta."

"Guta ni wapi?"

"Ukishuka Bunda, unauliza."

Akacheka, akatafuta kwenye kompyuta yake, akasema haoni njia ya kutoka hapa mpaka huko. Nikamwambia ipo mama, ndiyo niliyopita nikija. Nikaomba ile fomu niisome tena kabla ya kuweka saini.

Maana baba mkwe huyo, dada, ng'ombe anakutolea kweli, lakini binti habebwi kwenda kwenu. Wewe ndiye unahamia kwake. Nikichukua gari, akiba yangu ya nauli inaishia humo, na mimi nabaki hapa nikiilinda. Rehema ataolewa, atazaa, wanawe watanijua kwa picha.

Na kuhusu picha niliyowatumia, hili nakuambia wewe peke yako. Ile gari nyekundu niliyoegemea ni ya mteja. Mkono ulioko juu ya boneti ndio wangu. Nikimaliza kuosha nakaaga ndani kidogo, nafunga milango. Gari ya umeme ukiiwasha haisemi kitu. Kwenye kile kimya nawasikiaga nyinyi. Wewe unagombana na muuza samaki juu ya fungu moja la furu. Mama anaita kuku zake. Kivuko cha Kisorya kinapiga honi, na baba anatupigia kelele tukimbie tutaachwa. Mteja akija kugonga kioo, mimi nakuwaga nimeshafika katikati ya ziwa.

Basi ile fomu nilimrudishia yule mama bila saini. Nimekata tiketi ya ndege.

Nitashuka Bunda na basi, begi moja. Watu wa hapo waambie gari ilikuwa nzito, rubani aliiona akakataa kuruka. Lakini Rehema usimdanganye. Mwambie anayekuja ni mjomba. Kutoka nyumbani kwenu mpaka kanisani nitamshika mkono tutembee, na kelele hatutapiga.

Nisalimie sana mama, umwambie asichinje yule jogoo kabla sijamuona. Nisalimie shemeji, na shangazi wa Butiama anayeniombeaga kila Jumapili. Binamu yetu fundi cherehani wa Mukendo anishonee suruali kwa vipimo vya zamani. Asiongeze kitu, huku sijanenepa kama nilivyosemaga.

Ni mimi mdogo wako, niliye njiani,
Magesa