Kitambaa Juu ya Televisheni

Jumatatu, 3 Machi 1980

Nimefua tena mashuka ya kile kitanda kidogo. Hakijalaliwa na mtu, lakini vumbi la mgodi halijui hilo. Shuleni mpaka saa sita, wanafunzi hamsini na wawili, imla. Kisha foleni ya sabuni. Kisha daftari hili.

Mwaka wa pili huu tunangoja kupewa mtoto wa kulea kutoka kituo cha yatima cha Masista. Kapinga, miaka miwili na nusu. Faili inataka karatasi nane. Saba zipo. Ya nane ni cheti cha mwenendo mwema, na anayekitoa ni mkuu wa seli ya chama hapa kambini kwa wafanyakazi wa mgodi, mzee tunayemwita Tata Mutombo, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kalala anasema ni jambo la dakika tano. Mume wangu huyu, kwake kila kitu ni dakika tano.

Nimeongeza sheria za nyumba. Wakati wa kula, redio kimya. Hadithi kwa mdomo kwanza, mashine baadaye. Mtoto asisikilize wala kutazama kitu peke yake. Mzazi akae naye, amuulize ameelewa nini. Kalala amecheka. Nimeandika hata hivyo. Darasani nina watoto wanaojua matangazo yote ya redio lakini jina la nyanya yao hawalijui.

Alhamisi, 6 Machi

Kalala amenunua televisheni. Kwa mwenzake wa kiwandani anayehamia Likasi. Hakuniuliza. Eti Masista wakija kukagua waone nyumba iliyoendelea. Nimekasirika mpaka nimeunguza sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Ndiyo ya pekee katika safu yetu. Na mwenye televisheni hafungi mlango, hilo kambi nzima inalijua. Wamekuja na viti vyao, wengine wamejazana dirishani. Nimehesabu ishirini na wawili. Tata Mutombo tumempa kiti cha mbele. Mimi nimekula jikoni, nimesimama.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefanya ujinga.

Nilitaka kujaribu sheria yangu kabla mtoto hajafika. Bukari, ugali wetu wa jioni, ilikuwa mezani. Nikawaambia wageni kwa heshima kwamba sasa tunakula. Hakuna aliyenyanyuka kati yao, ishirini na wawili kama juzi. Kitufe cha kuzimia ni kibovu, Kalala peke yake ndiye anayekiweza, naye alikuwa ananawa nje. Basi nikashika kitambaa cheupe nilichofuma mwenyewe nikakitandika juu ya televisheni, nikakishusha mbele ya kioo. Habari zilikuwa ndiyo zinaanza. Rais alikuwa ndiyo ametokea.

Kwetu anayefunikwa uso kwa kitambaa cheupe ni maiti. Nimezika wazazi wote wawili, ninalijua hilo. Sikuliwaza. Niliwaza bukari inapoa.

Sauti ya Rais inaendelea chini ya kitambaa. Tata Mutombo alisema neno moja tu.

"Mama, uko unafunika nani vile?"

Akanyanyuka, akaenda. Wote wakamfuata.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani wamenisalimia kwa mbali. Jioni hakuna aliyekuja. Tumekula sisi wawili, mashine imezimwa, kila kitu kama nilivyokiandika. Nusu ya bukari imebaki sahanini.

Alhamisi, 13 Machi

Kalala amekwenda kuomba cheti. Ameambiwa muhuri hauko. Muhuri ulikuwa mezani, ameuona kwa macho yake. Ameaga, amerudi kazini. Kubisha hatuthubutu. Kuna watu walichukuliwa kwa madogo kuliko haya.

Kuhama hatuwezi. Nyumba ni ya kampuni, kazi ni ya kampuni, na kila kambi ina Mutombo wake. Naogopa. Nimekaa kitandani mchana kutwa na viatu miguuni.

Jumatano, 19 Machi

Sista mkubwa ameniita. Kuna familia ya Fungurume inamtaka Kapinga, karatasi zao zimetimia. Atatungoja mpaka mwisho wa mwezi, zaidi ya hapo hawezi. Amesema kwa upole. Upole wake umenimaliza.

Nimemwona mtoto uani. Alikuwa anaburuta kiatu kwa kamba, amekasirika nacho kabisa. Nimerudi kwa miguu ili nilie njiani. Nyumbani kuna majirani.

Namchukia Mutombo. Naichukia ile mashine. Nauchukia mkono wangu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda mwenyewe. Nimevaa kitenge cha chama. Nimepiga magoti, mimi mwalimu. Nimemwambia ilikuwa bukari tu, tata, ilikuwa habari ya mtoto.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaniuma. Naye ana wa kumwogopa. Amesema watu ishirini na wawili waliona, mmoja wao akisema mjini, ataulizwa yeye kwanza.

Masharti. Mlango wazi kila jioni, mashine iwake habari zinapoanza mpaka zinapoisha. Na kila Jumamosi niongoze akina mama kuimba na kucheza mbele ya ofisi ya chama. Nimeitika. Akapiga muhuri. Nimesema asante mara mbili.

Sheria zangu nimezikata zote kwa kalamu nyekundu ya shule.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimecheza. Jua kali, kiuno kinauma. Wanafunzi wangu walikuwa wamesimama kando wanatazama. Aibu.

Jumapili, 13 Aprili

Kapinga yuko hapa siku ya tatu. Anakula vizuri. Hajasema hata neno moja. Kila asubuhi anashika kona ya kitenge changu, ananifuata kila niendako.

Jioni watu walijaa. Mashine iliwaka, mlango wazi, kama tulivyokubaliana. Makelele yalipoanza alitetemeka. Nikamfunga mgongoni nikatoka. Mutombo alituona tunapita mbele yake. Aliangalia televisheni.

Kutoka sikukatazwa.

Jikoni nyuma ya nyumba nikaanza kuchekecha unga wa bukari. Nikamshusha. Akatia mkono wote ndani ya bakuli, akautoa mweupe, akanitazama kama atapigwa. Nikamwambia hii ni bunga. Bunga. Huko ndani walikuwa wanapiga makofi.

"Bunga," akasema.

Sikumwita mtu aje asikie.