Kitambaa Chako na Kidhibiti Joto

Weston, Toronto
Januari

Mdogo wangu Salome,

Kamwene. Nimeanza kwa salamu ya nyumbani kwa sababu huku hakuna wa kuniitikia, na nikiiandika naisikia. Hujambo? Goti lako linasemaje tangu mvua zianze? Ile miche ya parachichi uliyopanda karibu na kaburi la Mama imeshika, au mbuzi wa jirani wameshaipitia? Sisi huku wazima, hata kifua changu. Na habari ya kifua ndiyo iliyonikalisha niandike badala ya kupiga simu. Simu hukatika pale ninapoanza kueleza jambo, nawe wajua sipendi kueleza nusu.

Unakumbuka majira ya baridi yaliyopita nililazwa kwa nimonia. Siku ya kutoka hospitali Elia aliniambia, macho yake yakiwa barabarani, "Mama, nyumba yetu ikikushinda tena, nitakurudisha Njombe. Sitaki ufike kwa Mama Mdogo ukiwa ndani ya sanduku." Mwanangu hana maneno mengi, akisema, amesema. Nami, Salome, nyumbani nakutamani kila siku, lakini kurudi nilikuwa sijataka. Upendo ana miaka sita. Kiswahili anakielewa chote. Nikimwambia alete kijiko, analeta kijiko. Ila kinywa chake hujibu Kiingereza. Nilikuwa nimejiapiza kwamba siondoki mpaka mjukuu wangu azungumze nawe mwenyewe, pasipo mimi kukaa katikati kama mkalimani wa kanisani.

Sasa ngoja nikueleze nyumba hii inavyopata joto, maana bila hilo hutaelewa kosa lilitokea wapi. Chini ya sakafu kuna chumba kama ghala, na ndani yake tanuri la gesi. Likiwaka, feni yake husukuma hewa ya moto kwenye mabomba ya bati, ikatokea kwenye vitundu vya sakafuni kila chumba. Huko juu, kwenye ukuta wa korido, kuna kifaa kidogo kinachopima joto na kuliamuru tanuri: sasa waka, sasa pumzika. Hicho ndicho kidhibiti joto. Chetu kilikuwa cha zamani, cha kuzungusha kwa vidole. Neema, mkwe wangu, akitoka alfajiri kwenda kuuguza wagonjwa hukipunguza kwa mazoea, gesi isiungue bure. Elia yupo ofisini mjini, Upendo shuleni, nimebaki mimi ndani ya blanketi, nikiona aibu kukipandisha. Nyumba ya mwanao ni yako, lakini ankara si yako. Nimonia iliingilia kwenye aibu hiyo.

Majani yalipoanza kupukutika, Elia akasema tukiwa mezani, "Siku hizi kuna vidhibiti vyenye akili. Vinajua saa, vinajua hata kama kuna mtu ndani. Vizuri vina bei kali, na vya bei nafuu sijui kipi ni kipi. Chagua wewe, Mama. Si wewe uliyekuwa unatufundisha joto linavyosafiri?"

"Na akikosea?" Neema akauliza.

"Akikosea, Mwalimu amefeli."

Wakacheka. Mimi nilitabasamu tu. Nilijua mwalimu huyu akifeli anapandishwa ndege.

Jumamosi nikaenda na Upendo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, amevaa sweta mbili. Aliponisikia nikimwambia mtoto "usiguse," akainua kichwa.

"Mama wa wapi wewe?"

"Njombe."

"Aa! Mimi mtoto wa Iringa! Njombe baridi kama friji, sasa huku unaogopa nini?"

"Njombe nilikuwa na kuni za miwati, mzee mwenzangu. Huku nina ukuta."

Akacheka mpaka akashika kaunta, kisha akanipangia maboksi matatu. La kwanza alilisukuma pembeni yeye mwenyewe. "Hii acha, mama. Hii ya kuringia wageni. Kioo kizuri, bei mbaya." La pili lilikuwa rahisi kuliko yote. "Hii inajua saa tu. Saa mbili punguza, saa kumi ongeza. Kama siku zenu zote sawa, chukua." Lakini siku zetu haziko sawa, zamu za Neema hugeuka kila wiki. La tatu lilikuwa la toleo la mwaka uliopita, kwa hiyo bei imeshuka. Kidhibiti cha ndani yake kinajua saa, tena kina jicho dogo usoni. Mtu akipita mbele yake kinajua nyumba ina watu. Saa zikipita bila mtu, kinapunguza moto chenyewe.

Nilikuwa nimeshafungua mkoba. Mzee akaniwekea mkono juu ya boksi.

"Nenda kwanza nyumbani, hesabu nyaya. Hii inataka tano, nyumba za zamani zina nne. Watu wananunua tu, kesho wanarudi wanalia."

Nikaenda, nikazima umeme, nikafungua kifuniko cha kile cha zamani. Zilikuwa nne. Nilifurahi, Salome, kama siku nilipoona wanafunzi wangu wamelipata jibu kabla yangu. Jumatatu nikarudi, nikachukua lile boksi la tatu, akanipa na kikasha cha kuziba pengo la waya wa tano.

Ila kwako nitasema sababu ya kweli ya kukichagua. Mama alikuwa wa mwisho kutoka nyumbani na wa kwanza kurudi. Akitoka kwenda shamba hufukia makaa kwenye majivu, nyumba ikabaki inapumua taratibu kama mtu aliyelala. Sisi tukirudi shule, vidole vimekufa ganzi kwa ule umande wa Juni unaoganda kwenye nyasi, tunakuta makaa yameshafunuliwa, mekundu, na viazi pembeni. Sikuwahi kujiuliza alijuaje kwamba tumefika kwenye miti ya karibu na nyumba. Pale dukani, nimeshika lile boksi, niliona mikono yake.

Tukakifunga ukutani, na Novemba yote tukakaa kwenye joto. Nilikuwa nikipita koridoni na kusikia tanuri likinguruma chini kwa chini, nikajihisi naogelea ndani ya jua la mchana. Kisha Desemba mgeni akaniletea kifurushi chako, na ndani yake kile kitambaa cheupe ulichofuma, chenye ukingo wa kijani. Nilikinusa. Kilikuwa na moshi wa jikoni kwako.

Nikakitafutia mahali pa heshima. Televisheni ya huku imebandikwa ukutani, haina kichwa cha kutandika. Redio hawana. Sofa zao hawataki ziguswe. Kitu kipya, cha maana, kisichofaa kushika vumbi, kilikuwa kimoja tu, pale koridoni. Nikakifunika vizuri, nikapachika kwa pini mbili. Kilipendeza! Neema alipita akasema, "Mama, sasa nyumba ina mwenyewe."

Tangu siku hiyo, ikifika saa nne asubuhi baridi inaanza kunipanda miguuni. Jioni joto hurudi, kwa kuwa saa hizo kifaa hufuata ratiba ya saa bila kungoja jicho, hivyo wenzangu hawakujua. Nami nikanyamaza. Nilivaa sweta juu ya sweta, nikanyamaza. Ningesemaje kwamba chaguo langu limefeli? Kikohozi kikaanza, nikawa nakohoa ndani ya mto. Ijumaa Elia alinisikia. Baadaye nikamsikia jikoni akimuuliza Neema tiketi za mwezi huu zikoje.

Kesho yake, ingawa ni Jumamosi, wote wawili walikuwa kazini. Mimi na mtoto tu. Theluji ilikuwa inashuka bila upepo, na treni ya uwanja wa ndege ikipita nyuma ya nyumba kama inatembea juu ya pamba. Nikasinzia kitini. Nikajiona kwenye jiko la Mama, mdogo, nimelala kwenye kona. Mama anafukia makaa. Anachukua jembe. Nasikia nyayo zake zikiteremka kuelekea bondeni, nataka kumwita, Mama, nimo, bado nimo humu, na sauti haitoki.

Nikashtuka. Upendo alikuwa amesimama juu ya stuli koridoni, ameinua kitambaa, anasoma maandishi kwenye kioo. Akashuka, akaja mpaka kwangu, akanishika shavu kwa mkono wa baridi.

"Bibi," akasema. "Nyumba inafikiri hatupo."

Salome, kwa Kiswahili! Maneno yote manne, hakuna lililochechemea.

Ndiyo hivyo. Jicho lilikuwa gizani nyuma ya ufumaji wako, halikuona mtu akipita, likadhani wote tumeondoka, likafukia makaa. Tulitoa pini, na kabla maziwa hayajachemka tanuri likanguruma. Jioni nilimweleza Elia kila kitu, pamoja na kunyamaza kwangu, ambako ndiko kosa kubwa zaidi.

"Miaka thelathini ya sayansi, Mama! Umepigwa na kitambaa!"

"Cha Mama yako Mdogo. Kitambaa cha heshima."

Akacheka mpaka akafuta machozi, na mengine hayakuwa ya kucheka. "Ukisikia baridi, sema," akaniambia. "Mwalimu haombi ruhusa darasani kwake." Ya tiketi hajayagusa tena. Kikohozi kimekwisha.

Kwa hiyo nina ombi. Nifumie kingine, chenye tundu katikati la ukubwa wa kisahani cha chai, kizunguke kile kifaa kama shada. Hiki cha kwanza nimekitandika kwenye mto wangu.

Nisalimie shemeji Yeremia fundi pikipiki, umwambie nyaya hata mimi sasa nahesabu. Msalimie mtoto wa marehemu kaka aliyeko chuo cha ualimu, na mama mkwe wako, mzee wetu wa kanisa, umwombe asiniondoe kwenye sala za wasafiri. Elia na Neema wanakuamkia. Jumapili ukimaliza ibada kaa karibu na simu. Atakayeanza kuzungumza si mimi.

Siku hizi Upendo akiamka hupita koridoni na gauni lake la kulalia, anapunga mkono mbele ya lile jicho dogo na kusema, "Tupo!" Kisha anasimama kusikiliza, mpaka chini ya sakafu kitu kiitikie.

Dada yako akupendaye,
Tabita