Chumba cha Mama Kilichovuka Mpaka

Mdogo wangu Janvier,

Nikipiga namba yako siku hizi anapokea mwanamke wa mashine, anasema Kifaransa kizuri kutushinda sisi wote, ananiambia hupatikani. Basi nakuandikia hapa hadharani, mahali watu wetu wote wanasoma, wa Brooklyn Center na wa Maplewood hapa Minnesota, na wale wa huko kwako Ufaransa. Usikasirike. Wewe ndiye uliyekuwa ukinifundisha kwamba mambo ya ardhi hufanywa mbele ya watu.

Unakumbuka siku baba aliponunua lile shamba la mteremkoni? Muuzaji alitangulia, baba akamfuata, majirani nyuma yao, na sisi watoto mkiani. Kila kona walisimama wakapanda mnyaa wa kuweka alama ya mpaka, na jirani anayepakana nasi akasema kwa sauti, "Mimi naishia hapa." Wewe ulikuwa mdogo hata nusu ya njia nilikubeba mgongoni. Uliposhuka ukaanza kuwaigiza wazee, kila kona unajipiga kifua, "Mimi naishia hapa!" Watu walicheka mpaka muuzaji akakaa chini. Halafu tukarudi nyumbani, wakanywa pombe ya ndizi, na mambo yakawa yamekwisha. Hakuna aliyeandika kitu.

Ulikua na siku ile kichwani kama wengine wanavyokua na jina la shule yao. Lakini ulichukua kicheko na pombe, mwisho wake ukauacha. Vita ilipokuja, wale waliotembea nasi walitawanyika kama sisi, na waliokuja kulima pale hawakumwuliza mtu aliishia wapi. Baba alikufa akiwa anaisimulia ile minyaa. Shamba wanalima wengine mpaka leo.

Na kambini je? Ulipanga mawe madogo kuzunguka hema letu, kila asubuhi unayahesabu, na mtoto wa hema jingine akikanyaga ndani unamfukuza. Mama alikuwa akitoka kwenda kuchota maji anakuomba ruhusa kwanza, kwa heshima kabisa, kama anaongea na chifu. Nilikupenda sana siku zile. Sitaki usome barua hii ukadhani sikumbuki.

Halafu dunia ikatugawa. Mimi, mama na watoto wangu tukaletwa Minnesota. Wewe ulikuwa umeshakuwa mtu mzima mwenye faili lako la ukimbizi, ukazunguka kwa njia zako mpaka Ufaransa. Wengi wanaosoma hapa hawajui kwa nini mama alitaka kuja kwako, wanadhani ni mambo ya hali ya hewa. Barafu ni kweli anaiogopa, alianguka kwenye maegesho ya kanisa na tangu hapo goti lake moja halijamsamehe. Lakini kilichomuumiza zaidi ni mdomo. Hapa mama hana mdomo. Akienda kliniki anaongea mkalimani, au naongea mimi, daktari anajibu akiniangalia mimi. Wajukuu anawasalimu kwa Kiswahili, wanamjibu Kiingereza huku wakitazama simu. Kifaransa anacho, kile cha shule ya masista, na anakionea fahari. Aliwahi kuniambia, "Kule ntaongea na munganga miye mwenyewe." Hicho ndicho alichokuwa anakitaka uzeeni. Kuulizwa yeye anaumwa wapi, na kujibu yeye.

Ndiyo maana ulipopata ile nyumba ya mawe kijijini, na bustani, na mzee jirani anayekusalimu kila siku, tulifurahi kama watu waliorudishiwa kitu. Tungenunua pamoja, mimi na wewe. Nyumba ilikuwa na ngazi, mama hawezi ngazi, basi ungemjengea chumba cha chini, ubavuni, mlango ukitazama bustani. Nilianza kuchukua shifti za wikiendi kule hospitali Maplewood. Watu waliniona nimekonda, nikawa nawaambia najenga.

Siku ya kuonyeshwa mipaka ulinipigia video. Nilikuwa kwenye gari nangoja barafu ya kioo iyeyuke. Nikakuona unatembea na yule mzee, yeye mbele na fimbo, wewe nyuma na simu, unapumua kama umekimbia, unaniita dada mkubwa kwa neno letu la nyumbani.

"Yaya, angalia! Toka kwa ule muti mpaka kwa mufereji, yote ni yetu!"

"Mpima ardhi amekuja?" nikakuuliza.

"Wa kazi gani? Muzee ametembeza miye na miguu yake. Tumekunywa naye divai. Sasa nilete mutu apime mbele ya macho yake? Si ni kumwita mwongo?"

Nikakueleza habari ya uzio wangu. Unakumbuka nilivyotaka kuweka mbao nyuma ya nyumba yangu hapa, mji ukataka ramani ya kiwanja yenye vipimo, wakaja watu wakachomeka vibendera vya rangi kwenye majani kuonyesha mabomba na nyaya zinapopita na mpaka ulipo, na ikaonekana kumbe kipande nilichokuwa nafyeka kila kiangazi si changu. Jirani yangu alitoka na kahawa, tukaangalia vibendera pamoja, nikasogeza uzio ndani. Mpaka leo tunasalimiana, na theluji ya mbele yangu huwa anaisukuma bila kuombwa. Hakuna aliyemwita mwenzake mwongo. Ukanijibu kwamba Amerika ni Amerika, lakini bazungu ba kijiji beko sawa na batu ba kwetu.

Wala si mimi peke yangu. Yule notaire, mwanasheria anayeandika mauzo ya ardhi kwa niaba ya serikali kule, alikukalisha akakueleza. Akasema ramani aliyokuonyesha ni ya kodi, haithibitishi mpaka. Mpaka unathibitishwa na mpima ardhi aliyeapishwa, anayewaita majirani wote watie sahihi. Akasema pia anaweza kuandika kwenye mkataba kwamba ofisi ya meya ikikataa kile chumba, mauzo yanakufa na kila mtu anarudi kwake salama. Sheria yao hata inakupa siku za kufikiria tena baada ya kusaini. Najua haya yote kwa sababu ulinisimulia mwenyewe, unacheka. "Notaire anaongea kama mutu anataka nisinunue," ulisema. Mtu alikufungulia milango mitatu ya kutokea, Janvier, na wewe ukaona anakufukuza. Ukanunua bila kutumia hata mmoja.

Nilikuja kwako mara moja, kiangazi, kabla hujajenga. Ile siku sitaki kuiharibu, ingawa kila ninapoigusa inauma. Ulikuwa umechomeka vijiti kwenye nyasi na kuvizungushia kamba, hiki chumba, hiki choo, hapa dirisha. Ukaniambia nilale chini pale kitanda cha mama kitakapokuwa, nikueleze kama jua la asubuhi litampiga usoni. Nikalala na gauni langu zuri. Nikakuambia sogeza kamba kidogo. Ukasogeza. Mzee jirani akatuletea kikapu cha jozi za mti wake, na mke wako Espérance akatupikia lengalenga, mchicha wa kwetu, alizopanda mwenyewe. Nilirudi Minneapolis nikamwambia mama nimelala kwenye chumba chake.

Ukajenga na vijana wa kanisa lako. Kibali hukuomba. Nilipouliza ulisema ni chumba kimoja tu, si ghorofa, na mzee mwenyewe alipita akaona kuta zikipanda, akapunga mkono. Kana kwamba ofisi ya meya ni yule mzee.

Na huku sisi tukamuaga mama. Hili hukuliona, nataka ulione. Wewe unajua kanisa letu likimuaga mtu linavyomuaga. Walipika siku nzima. Kina mama wakashona kitenge cha sare. Mchungaji akamwekea mikono, kwaya ikamwimbia mpaka mlangoni, yeye anatembea katikati yao na goti lake, analia na kucheka. Aligawa vitu vyake vyote. Cherehani, sufuria kubwa, blanketi nzito. Alisema, "Kule mwana wangu ameishaniwekea kila kitu."

Kisha yule mzee wako akafa. Watoto wake wakaja kutoka mjini, watu ambao hawajawahi kutembea na wewe wala kunywa na wewe, wanataka kuuza urithi wao. Wakamleta mpima ardhi. Ulipelekewa barua uhudhurie, ukakataa kwenda, ukisema wamemdharau marehemu. Alipima bila wewe. Mpaka haukuwa kwenye mfereji, haujawahi kuwa kwenye mfereji. Ulipita ndani ya chumba cha mama, karibu na dirisha. Mzee hakukudanganya, nadhani. Alikuonyesha alichoonyeshwa na baba yake. Ofisi ya meya nayo ikaja kuangalia, ikakuta chumba hakina kibali, na ardhi ile ni ya kilimo, hata ungeomba usingepewa. Na sheria ya kule, ukuta ukishaingia kwa mwenzio, hauulizwi ulijengwa kwa nia gani. Unabomolewa.

Ulibomoa mwenyewe, na hukuniambia. Espérance ndiye aliyenipigia, analia, anasema umebeba mawe kwa mikono mpaka mikono ikachubuka, na unapokula unakula peke yako. Nilipaswa kukuonea huruma. Sikuweza. Nilikuwa natazama sanduku la mama pale sebuleni, limefungwa kamba.

Nilipomwambia mama, alianza kufungua kamba ya sanduku. Halafu akauliza, "Na yeye analalaka wapi?" Nikamwambia nyumba kubwa ipo, ni chumba tu kilichovunjwa. Akasema asante. Basi. Hakuuliza tena. Lakini Jumapili iliyofuata hakutaka kwenda kanisani, akasema goti. Na iliyofuata tena, goti. Mtu aliyeagwa hawezi kurudi kukaa kwenye kiti chake kama aliyekuwa ametoka kunawa mikono. Akikutana na mtu dukani anaulizwa, "Bibi, ungali huku?" Yule aliyepewa cherehani akaanza kupita upande wa pili wa barabara, anadhani ataombwa airudishe. Mama, ambaye vita haikumfanya ainamishe kichwa, alikuwa anajificha nyuma ya rafu za mchele.

Unajua kinachonichoma ni nini? Si mawe. Si zile shifti. Ni kwamba ungeweza kumpigia. Sentensi moja tu, "Mama, nilikosea." Angebeba sentensi hiyo kanisani na kukaa nayo kwenye kiti chake. Ukazima simu.

Sasa sikiliza alichofanya. Jumapili iliyopita aliamka kabla yetu, akavaa kile kitenge cha kuagwa. Cha kuagwa, Janvier. Ulipofika wakati wa matangazo akanyoosha mkono, akasaidiwa kusimama.

"Bapendwa," akasema, "munaniona ningali hapa. Mwana wangu hana kosa. Chumba kiko, ni kizuri, kinaningojea. Ni miye nimekataa. Nimezeeka, nimeogopa safari. Munisamehe chakula chenu."

Kwanza watu wakaguna. Halafu wakacheka, kwa upendo, kama mtu anavyomcheka mzee mkaidi. Mchungaji akasema ni lazima pia tumkumbuke yule kijana wa watu, amejenga, amejitaabisha, moyo wake lazima umevunjika. Wakasimama wakakuombea. Wewe. Kanisa zima limefumba macho, linakuombea faraja kwa ajili ya mama mwenye kichwa kigumu. Na mama akasema amina kwa sauti kuliko wote.

Kwenye gari nilishindwa kuwasha injini. Nikamwambia, "Mama, kwa nini umejisingizia?"

Akafunga mkanda kwanza. Akasema, "Weye uko na nyumba, uko na kazi, uko na batoto. Yeye amebakia na jina tu. Unataka nimunyanganye na lile?"

Nilimjibu hapana, mama. Nikaendesha hadi nyumbani. Tangu siku hiyo wanamtania, "Bibi mwoga wa ndege," naye anawachekea, na kiti chake amerudishiwa. Kwa bei hiyo.

Mimi sina moyo wa mama. Sasa wote wamejua chumba hakipo na nani alikijenga wapi, na mama akisikia nimeandika hataongea nami kwa muda mrefu. Niko tayari. Wewe baki na huzuni yako na mikono yako iliyochubuka, sikutakii mabaya, na Espérance mwambie lengalenga zake nazikumbuka. Lakini ujue kwamba katika nchi hii ambayo hana mdomo, siku aliyosimama akaongea mwenyewe mbele ya watu, mama yetu alisema uongo, na aliusema kwa ajili yako.

Yaya wako, aliyekubeba mgongoni