Matete Yakifika Kifuani

Dada yangu mpendwa,

Kabla hujafika mstari wa pili, funga mlango. Nakuomba kwa ziwa la mama tulilonyonya wote wawili, neno hata moja la barua hii lisitoke kinywani mwako mpaka Ijumaa. Usiisome kwa sauti kama ulivyozoea. Usimwambie shemeji, maana yeye akipewa siri hutembea kama mtu aliyebeba mayai, na mtaa mzima hujua kuna jambo. Ukimaliza, itie kwenye jiko lako la kuchemshia mashuka. Mama chai aliyekuletea hajui kilichomo. Nimemwambia ni maelezo ya dawa ya kikohozi cha Mama, naye amenipa pole nyingi hata nikaona haya.

Baada ya ombi hilo, pokea salamu zangu. Hali yangu ni nzima kwa kuitazama. Nakula, navaa, nafika kazini mapema kuliko wote. Natumaini mipasuko ya mikono yako imepungua, na kwamba Mama na magoti yake wamepatana kidogo. Watoto wako nawaota. Mdogo alikuwa akinisumbua nimchoree samaki. Mwambie samaki wake yuko njiani.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati tuko jiji moja, na ukipanda mnarani kwenye soko unaliona paa la ofisi yetu. Simu zetu sasa tunaziacha kwenye kikapu cha mapokezi tukiingia, eti kikao kisivuje. Jioni nikifika ninakolala, mke wa Mwenyekiti wa Kamati huniomba ya kwangu ampigie ndugu yake, na ikirudi naona imefunguliwa hadi picha. Kwa hiyo nimengoja saa ya chakula, nikajifungia stoo ya Kamati. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya reki, mabeleshi na miche iliyokauka, na karatasi nimeiweka juu ya goti. Ukiona mwandiko unayumba, ni goti. Si goti tu, lakini tuseme ni goti.

Mengi unayajua, ila acha niyaeleze kwa utaratibu, maana nikiyaruka nitapata mwanya wa kukimbia. Kamati ya Mazingira ya Jiji ilipofunga kijia cha kwenda ziwani, haikusema uongo wote. Maji yalikuwa yananuka. Povu la sabuni lilikuwa linasimama ufukweni kama mtindi, na wewe mwenyewe uliwahi kuniambia mashuka yanatoka ziwani machafu kuliko yalivyoingia. Kamati ikaweka lango, ikapanda matete yachuje uchafu, ikaahidi kuwajengea madobi makaro ya kufulia mbali kidogo na maji. Nilikuwa karani mpya, na nilichapa ahadi zile kwa furaha. Nilijisemea, kumbe ofisi nayo inaweza kufanya jambo.

Kisha wananchi wakauliza lango litafunguliwa lini. Mwenyekiti akajibu kwamba matete yakikomaa. Mzee fundi baiskeli akauliza kukomaa ni nini, maana hata yeye mkewe anasema hajakomaa. Watu wakacheka, lakini hoja ikabaki. Mabishano yakawa marefu mpaka wakakubaliana kwamba matete yakifika kifuani mwa mtu mzima, kijia kitafunguliwa. Sasa kifua cha nani? Mwenyekiti ni mrefu kama nguzo ya umeme, wananchi wakamkataa. Fundi baiskeli ni mfupi, Kamati ikamkataa. Ndipo wewe ukasimama, Dada. Ulikuwa na beseni kichwani na hukulishusha. Ukasema apimwe karani, kwa sababu ni wa ofisi kwa kazi na wa mtaa kwa kuzaliwa. Ukasema mtoto huyu umemlea, na tangu azaliwe hujamsikia akisema uongo, maana hata akitaka kuusema midomo inamkauka. Mama wa mapacha akaongeza kwamba kifua ni neno pana, tuseme kifungo cha pili cha shati la ofisi. Ikapita. Tangu siku hiyo watu wananiita Rula. Nikipita sokoni, muuza nyanya huuliza kama leo Rula amekula, asije akasinyaa.

Masharti mengine nayo unayajua. Vipimo vitatu tu, kila mwisho wa mwezi. Nasimama peke yangu penye kigingi chekundu, maji yakiwa magotini, na mtu mwingine yeyote haruhusiwi kuingia, matete yasikanyagwe. Kama hata kipimo cha tatu hayajafika kifungoni, ufukwe utahesabiwa kuwa haujapona, lango litabaki, na sehemu yote itawekwa chini ya uangalizi wa ile nyumba ya wageni inayojengwa upande wa pili, kwa sababu wao wanazo nyenzo za kuutunza. Hilo la mwisho lilisomwa haraka, na mimi ndiye niliyelisoma.

Kipimo cha kwanza yalifika kiunoni. Hapakuwa na neno. Cha pili yakaishia vidole vichache chini ya kifungo, ninyi mkaguna, mkaenda zenu kwa njia ya gengeni, lile poromoko mnaloshukia maji siku hizi. Cha tatu ni Ijumaa hii.

Naijua ile njia ya gengeni. Najua inavyokuwa mawingu yakishuka. Niliposikia mama wa mapacha ameteleza pale na ndoo, na mguu umevunjika mahali pawili, nilikuwa nimeshika kikombe cha chai mezani kwangu. Nikakiweka chini polepole, kama vile ndicho kilichovunjika. Mwenyekiti akatoa pole mbele yetu sote, akaagiza nichape tangazo la kuwakumbusha wananchi wavae viatu vyenye meno. Mvua kubwa zikianza, na lango likiwa bado limefungwa, utakuwa wewe na mafurushi yako. Atakuwa Mama, maana huyo humwezi. Ukimwambia asubiri umletee maji, yeye ameshachukua kopo.

Sasa nikueleze ninavyoishi, kwa sababu nilikudanganya. Nilikwambia Kamati imenipa chumba kwa bidii yangu. Chumba kiko uani kwa Mwenyekiti. Ni kizuri. Kina neti mpya, kabati na dirisha linalotazama ukuta. Mkewe ananiita mwanangu na ananipakulia kabla ya wanawe. Funguo za geti anazo yeye. Nikitaka kutoka Jumapili huniuliza ninakwenda kwa nani, na nikijibu husema kumbe ni karibu, basi mlinzi atanisindikiza. Mlinzi mwenyewe ni yule wa lango la ziwani, yule mnayemwita Kufuli. Tunatembea pamoja kama maharusi, mimi mbele na yeye nyuma, watu wakiniheshimu. Vyeti vyangu vyote vya shule, vile halisi, viko kwenye droo ya Mwenyekiti. Alisema ni kwa usalama wa vyeti, mchwa hawana adabu. Nimeviomba mara kadhaa. Kila mara anacheka, ananiuliza kwani nimechumbiwa na ofisi gani.

Si mtu mkali, Dada, na hilo ndilo linalonichosha. Angekuwa anafoka ningejua pa kukaa. Ananiambia ninafaa kufika mbali. Anasema ziwa ni la watoto ambao hawajazaliwa, na mimi huwa namwamini mpaka anapomaliza sentensi.

Basi lile ninalolizunguka tangu mwanzo ni hili. Kipimo cha pili kilikuwa cha uongo, na mwongo ni mimi.

Nilipofika penye kigingi siku ile, mguu wangu wa kulia ulikanyaga kitu kigumu chini ya tope. Nikadhani ni jiwe la ziwa. Nikapandisha na wa kushoto, maana pale ndipo kigingi kilipo, na nyote mlikuwa mnanitazama. Lilikuwa bapa. Mawe ya ziwa hayawi bapa namna ile, Dada, wala hayana kona. Lilikuwa tofali la saruji, limelazwa sawasawa kama kizingiti. Nikageuka kumtazama Mwenyekiti, naye akaniambia kwa upole nisimame wima, mwanangu, tusiwaonee wananchi. Ndipo nikateleza. Unakumbuka nilivyoteleza? Mlicheka, na fundi baiskeli akapaza sauti kwamba Rula imepinda. Nilishuka pembeni ya lile tofali, nikasimama kwenye tope lenyewe, na matete yakagusa kifungo. Niliyaona. Ncha moja iliingia kabisa kwenye tundu la kifungo. Ningesimama pale pale, kijia kingefunguliwa jioni ile ile, na mama wa mapacha angekuwa na miguu yake miwili.

Nikapanda tena. Hakuna aliyenishika mkono wala kunisukuma. Nilipapasa kwa mguu, nikalitafuta tofali, nikalipata, nikapanda, nikasimama wima. Na wewe ukapiga makofi kunipa moyo, kwa sababu ulidhani ninaogopa tope.

Kesho yake nikapewa chumba.

Nimejaribu kusema. Nilimwendea Mwenyekiti, nikamwambia nadhani pale chini kuna kitu. Hakukana. Alivua miwani, akaifuta, akaniambia kwamba yeye siku ile alikuwa nchi kavu na viatu vyake vilikuwa vikavu, ushahidi ni watu wote. Miguu iliyosimama pale ni yangu. Likifumuka, wananchi hawatamuuliza mwenye viatu vikavu. Kisha akanikumbusha, kwa sauti ya mzazi kabisa, kwamba kuna mtu aliyeniapia mbele ya mtaa mzima, na si vizuri kumwaibisha dada. Nilitoka nikiwa nimeshukuru. Hebu fikiria, nilimshukuru.

Nikasema basi, siku ya tatu nitashuka mwenyewe. Ninajizoeza. Chumbani nimeweka kiatu sakafuni, napanda, nashuka, napanda, nashuka. Kwenye kiatu naweza. Lakini najijua. Mwenyekiti akiniita mwanangu na magoti yangu yakiwa majini, nitasimama wima. Unakumbuka ulivyosema midomo hunikauka nikitaka kusema uongo. Hunikauka hata nikitaka kusema kweli.

Juzi kutoka dirisha la ofisi nimemwona Kufuli akishuka ziwani na toroli. Matete yamerefuka sana kwa mvua hizi za rasharasha; tofali moja halitoshi tena. Ndani ya toroli kulikuwa na la pili.

Sikuombi unisamehe sasa, kwa sababu ukinisamehe sasa utakuja na chozi na mimi nitalia nawe na Ijumaa itapita. Nakuomba ukasirike kwanza. Jua pia kwamba nikiumbuka, tumeumbuka wote wawili. Watasema uliniweka pale kwa makusudi, kwamba tumegawana. Wateja wengine watakuondolea mashuka yao. Ukiona mzigo huo ni mzito, ichome barua hii na usije ziwani, nami nitaelewa. Sitakulaumu hata siku tutakapokuwa tunampeleka Mama gengeni kwa kumshika kwapa.

Nisalimie Mama, ila usimwambie nilivyo, mwambie nimenenepa. Msalimie shemeji na majirani wote. Mama wa mapacha usimpe salamu zangu, nitampelekea mwenyewe nikipata uso wa kumtazama. Mama chai atarudi kwako kesho na birika zake. Ukimpa jibu, liwe neno moja tu, la mdomo, kama dawa ya kikohozi imefaa au haikufaa. Usipige simu. Usije getini kwa Mwenyekiti, utaambiwa nimelala hata kama ni mchana.

Lakini ukiamua kunifikia, nitakufundisha njia. Ijumaa watu watasimama upande wa kulia wa lango, penye kivuli. Wewe simama kushoto, karibu na ule mtaro. Vaa viatu vyako vya mpira. Ngoja mpaka nimeshapanda. Utajua, maana nitarefuka ghafla na watu wa mtaa hawatajua kwa nini. Hapo ingia majini. Kufuli atapiga filimbi, na Mwenyekiti atawaambia watu wote kwamba unakanyaga matete, kwamba unaliharibu ziwa la watoto ambao hawajazaliwa. Kanyaga. Yataota tena. Njoo moja kwa moja mpaka penye kigingi, usinitazame usoni, nishike kiwiko cha kushoto na univute kwako kwa nguvu, kama unavyokamua shuka. Mimi sitashika kitu chochote.

Ni mimi mdogo wako,
Rula