Maneno Thelathini Yanatosha

Kwako mdogo wangu kitinda mimba,

Natumaini magoti yako bado yanagombana na ngazi na ulimi wako haujastaafu. Sisi huku wazima, ukiacha paa la karakana linalovuja, na mimi ninayezeeka bila kuombwa ruhusa.

Wifi yako, tangu kiharusi kimpige, amebakiwa na sauti chache tu mdomoni. Akili na masikio ni yaleyale. Ukipunguza chumvi, atakujulisha. Basi nikafanya kama seremala aliyeishiwa mbao, nikaunga vipande. Mimi wa darasa la nne na yeye wa upande mmoja tulikaa tukatunga lugha ya maneno thelathini, nikayaandika kwenye kipande cha plaiwudi. Lu, maji. Ta, moto. Lu ta, chai. Ga ni kibaya, kwa hiyo lu ga ni dawa. Mimi mwenyewe ananiita mtu ga, nami huitika.

Binti yetu mwalimu alipoiona alicheka hadi akashika mbavu. Eti baba, hata kasuku ana maneno mengi kuliko haya. Nikamwambia kasuku hajawahi kuomba mto wa pili akaletewa. Yeye ana kamusi nene kama tofali, na hakujua kuwa mama yake anaumwa bega.

Jumapili akaja na mumewe na gari, wamchukue mama akakae kwao, karibu na mtaalamu wa mazoezi. Nikasema hapa hatoki mtu. Binti akasema basi aulizwe mwenyewe. Nikakubali, kifua mbele. Wifi yako akatoa maneno manne, taratibu. Wote wakanigeukia mimi, mkalimani pekee duniani. Nikawatafsiria kwamba habanduki. Gari likarudi tupu.

Sasa nikwambie nisilomwambia mtu. Alisema: mi ke pa bo. Mimi, taka, nyumba, mtoto. Wanaodai lugha yangu haifai kazi waje kwangu! Kweli ilienea katika maneno manne. Uongo ndio niliokwenda kuutafuta kwenye Kiswahili.

Naye alinisikia. Siku tatu hajanipa hata lu. Leo nimerudi kutoka kununua misumari, nikamkuta na jirani yetu fundi cherehani, kamshikia simu ya picha, plaiwudi mapajani. Mama anamfundisha binti yetu kwenye simu, neno baada ya neno.

Usinihubirie. Siombi radhi kwa mtu. Miaka arobaini na moja ya ndoa, mwanamume hana haki ya uongo mmoja? Nilisimama mlangoni nikitaka kuunyakua ubao ule nikauchane kwa msumeno. Lakini binti alikuwa akilitamka ke kama mbuzi aliyekanyagwa, na mama yake anarudia, anarudia, jasho linamtoka. Sikuvumilia. Nikaingia, nikamsahihisha.

Wasalimie wanaonisema vibaya; wanaonipenda ni wachache, wape salamu mara mbili.

Kaka yako asiyesikia la mkuu,
Fundi Patasi