Gitaa la Kahawia la Mzee Sackey

Cape Coast,
4 Februari 1996

Mjomba Kwamena mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku nyumbani ni wazima, isipokuwa goti la Mama linalomsumbua akiinama kwenye sufuria za dokono. Je, Tamale joto limepungua? Na kifua cha mkazamjomba?

Nimemaliza shule. Ni ajabu kuamka na kuona sare imetundikwa na hakuna anayeihitaji. Mama amesema kwa kuwa nimemsaidia kufunga madonge ya dokono la mahindi kwenye maganda miaka yote bila kununa, nichague kitu kimoja. Alidhani nitasema cherehani. Nikasema gitaa la umeme. Akafunga madonge matatu, kisha akasema, "Muulize kaka yangu. Yeye ndiye aliyekuharibu."

Basi nakuuliza. Bendi ya kanisa haina mpiga gitaa wa pili, na Kaka Fiifi anayeiongoza ananiacha nijaribu. Ila mimi ni mashoto, unajua. Gitaa la kanisa nalipindua, nyuzi nene zinakuwa chini, na vitufe vya sauti vinanigonga mkono. Kaka Fiifi ananicheka: "Araba, kushoto mbele ya wazee? Utawaimbia au utawatukana?"

Dukani kwa Mzee Sackey, Takoradi, yapo mawili ambayo Mama anaweza kuyalipia. Moja jekundu, la mkono wa kulia kama yote. La pili ni la kahawia, limetengenezwa kwa ajili ya mashoto. Baharia mmoja aliliagiza, hakurudi kulichukua. Nichukue lipi?

Nakumbuka uani kwetu Sekondi. Wewe unakaa juu ya kreti na gitaa lako, mimi nasimama mbele yako na ufagio. Mkono wako wa kulia ukishuka, wangu wa kushoto unashuka, kama mtu na kioo. Mpaka leo nikisikia harufu ya waya za redio zikichomwa natafuta ufagio.

Mpwa wako,
Araba


Tamale,
19 Februari 1996

Mpwa wangu Araba,

Barua yako imenikuta nimeifumua redio ya imamu na sijui tena skrubu ipi ilitoka wapi. Nimeisoma mara mbili na imamu akasubiri. Mkazamjomba wako amepona kifua, ameanza tena kunigombeza, kwa hiyo tunamshukuru Mungu. Mwambie mama yako goti lile alifunge kwa kitambaa cha moto, na aache kunisingizia.

Chukua jekundu. Gitaa la mashoto likikuharibikia, utaazima la nani? Ukikaribishwa kwenye bendi ya watu, utapiga nini? Siku ukichoka nalo, utamngoja baharia mwingine? Mashoto wote niliowajua walijifunza kwa mkono wa kulia, na walipiga.

Kabla hujalipokea, funga jicho moja uitazame shingo yake kama seremala anavyotazama ubao. Bonyeza kila uzi katika kila mlia wa chuma shingoni, toka juu mpaka chini. Ukisikia uzi unavuma kama nyuki, liache. Lichomeke kwenye umeme uzungushe vitufe. Vikikwaruza ni vumbi tu. Vikinyamaza, rudi nyumbani. Na usinunue kwa sababu ya rangi, kama nilivyofanya mimi.

Ule mkono tuliushughulikia ulipokuwa mdogo. Usiuamshe.

Mjomba wako,
Kwamena


Cape Coast,
12 Machi 1996

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini redio ya imamu ilipona. Goti la Mama lina nafuu, anasema si kwa sababu yako.

Jana nilikwenda Takoradi. Niliponyoosha mkono kupokea jekundu, wa kushoto ukatangulia. Mzee Sackey akalirudisha kifuani kwake.

"Weh! Binti, mimi na wewe tumegombana?"

Nikasema haraka, "Samahani kwa mkono wa kushoto."

"Haya. Ukishaomba radhi, hata ukinyoosha mguu nitakupa."

Nilifanya yote uliyoniambia. Shingo imenyooka, hakuna nyuki. Lakini mkono wangu wa kulia ulipiga nyuzi kama mtu anayefukuza nzi. Mzee Sackey akatazama barabarani kwa adabu. Kisha, bila kuniuliza, akanipa la kahawia. Lina mkwaruzo mrefu mgongoni na kitufe kimoja si chake. Nililiweka, nikapiga ile sauti moja uliyokuwa ukiirudia uani kila jioni kabla hujaenda kazini kwenye bendi. Sijui ilitoka wapi. Mzee Sackey akageuka.

"Nani kakufundisha?"

"Mjomba wangu. Nilikuwa namtazama."

Amesema atanitunzia mpaka Pasaka, siyo zaidi.

Mjomba, umeandika "tuliushughulikia". Ulikuwa wewe peke yako. Siku ya kumpa jina mdogo wangu nilimpelekea Mzee Egyir, mkubwa wa ukoo wetu, maji kwa mkono wa kushoto, akakataa kuyanywa. Ukachana kipande cha kitenge cha Mama, ukaufunga ule mkono kiunoni mwangu. Uliufunga kila asubuhi mpaka mvua zikaisha. Ulikuwa unacheka, na mimi nikacheka, nikidhani ni mchezo. Baada ya hapo sikusimama tena mbele yako na ufagio, na wewe hukuniuliza kwa nini.

Wewe hukuwahi kuwaogopa wazee. Basi kwa nini uliufunga? Sikulaumu, nataka kujua tu, kabla sijachagua.

Mpwa wako,
Araba


Cape Coast,
30 Machi 1996

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu, na kila mfanyakazi wa posta akipita Mama ananitazama. Kama nimekukosea adabu, nisamehe. Nimeandika mambo ambayo nisingeweza kuyasema mbele yako.

Mzee Sackey ametuma salamu kwamba mtu wa Kumasi anataka lile la kahawia. Jumamosi ijayo nitakwenda kuchukua jekundu, kama ulivyosema. Nitajifunza. Nimeshajifunza kula na kuandika kwa mkono wa kulia.

Araba


Tamale,
2 Aprili 1996

Araba mwanangu,

Barua yako ya tarehe 12 Machi nimeiweka chini ya kopo la skrubu, nikawa naitoa na kuirudisha. Mkazamjomba wako akaisoma, akaniambia, "Mtoto kauliza swali, unamjibu kwa kimya?" Basi najibu.

Mimi pia ni mashoto. Mama yako hajui, alizaliwa nimeshabadilishwa. Bibi yetu aliupaka mkono wangu pilipili mpaka nikausahau. Nilipiga gitaa miaka kumi na minne kwa kulia, na kila kiongozi wa bendi aliniambia neno lilelile: Kwamena, vidole vyako kwenye shingo ya gitaa ni vya dhahabu, lakini mkono wako wa kupiga ni wa kuazima. Siku ya kurekodi waliniomba nipunguze sauti. Bendi zilipokufa nilisema ni kwa sababu ya amri ya wanajeshi ya kutotoka usiku. Mimi nilikuwa nimeshaacha kabla yake.

Kisha wewe ukasimama mbele yangu na ufagio, una miaka minne, ukashusha mkono wa kushoto kwa namna ambayo wangu wa kulia haukuijua maisha yake yote. Nilikuonea wivu, Araba. Mtoto mwenye ufagio! Mzee Egyir alipokataa maji, nilipata kisingizio. Niliwaambia watu nakuokoa na aibu.

Kama umeshachukua jekundu, lirudishe.

Mistari hii ya mwisho nimeiandika kwa mkono ule mwingine, ndiyo maana imelewa.

Mjomba wako,
Kwamena


Cape Coast,
12 Mei 1996

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, nilitaka kwanza niwe na la kusimulia. Wote wazima. Mama aliisoma barua yako, akakaa nayo jikoni mpaka dokono likaungua, na hajawahi kuunguza dokono.

Barua ilifika siku nne baada ya mimi kwenda Takoradi. Nilikwenda kuchukua jekundu, kweli. Nikamkuta mtu wa Kumasi amelipindua la kahawia, anamwambia Mzee Sackey kwamba akibadili nyuzi litamfaa. Nikasikia mtu anasema kwa nguvu, "Hilo ni langu!" Ni mimi niliyesema. Mzee Sackey akasema, "Kumbe una sauti! Bwana, mpe mwenyewe."

Jumapili iliyopita Kaka Fiifi aliniweka mwishoni, nyuma ya spika, nisionekane. Waya wangu ukawa mfupi, ikabidi nisogee mbele. Kanisa likaanza kunong'ona. Mama mmoja akasema wazi, "Yule binti anatupigia kwa kushoto?" Na kwenye kiti cha mbele kabisa, Mjomba, alikaa Mzee Egyir yuleyule, na fimbo yake.

Nikainamia kipaza sauti. "Wazee wangu, samahani kwa mkono wa kushoto."

Mzee Egyir akainua fimbo. "Umeomba radhi, tumepokea. Lete hayo maji."

Kanisa zima likacheka, na nikapiga. Nilikosea mara mbili. Hakuna aliyeniambia nipunguze sauti.

Njoo nyumbani kabla mvua hazijazidi. Kreti ninayo. Safari hii mimi nitakaa, wewe utasimama mbele yangu. La kahawia nitakupa ulijaribu, na ukinyoosha mkono kulipokea, nyoosha ule wako.

Mpwa wako,
Araba