Seva Saba za Kuzima

Jumatatu, 3 Machi
Umeme ulikatika saa nne asubuhi. Jenereta ya hospitali ikabeba seva zangu tisa na viyoyozi vitatu vya kuzipoza. Wodi ya wazazi ikaachwa gizani. Dada yangu ni mkunga huko. Kanipigia: watoto njiti wawili wametolewa kwenye mashine za joto, wamefungwa vifuani mwa mama zao. "Mdogo wangu, hizo kompyuta zenu zinapumua?"

Jumanne, 4 Machi
Nimepima. Hakuna seva inayotumia hata robo ya nguvu zake. Kazi yao ni kula umeme na kutoa joto. Nimemwambia bosi — ofisi nzima tunamwita Usiguse — kwamba zote tisa zinaenea ndani ya mbili, kila moja ikawa mashine pepe: haina kasha lake la bati, kazi ileile.
"Pepe? Unatuletea mapepo?" akauliza. Wenzangu wakacheka. Wageni wakija, bosi huwaonyesha hizo tisa zikimetameta. Hataki kusikia.
Basi asisikie.

Ijumaa, 7 Machi
Nimehamisha kumbukumbu za maabara, za dawa, za wagonjwa. Nakala tatu za kila kitu. Mkaidi ni mimi, lakini si mwendawazimu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimezima ya kwanza. Mfamasia kasema kompyuta leo zina mbio. Nikatulia kama maji mtungini.

Alhamisi, 13 Machi
Saba kimya. Kiyoyozi kimoja kinatosha. Fundi wa jenereta kauliza tumepunguza nini, injini haigugumii tena. Nikamweleza. Hakuuliza ruhusa ya mtu — kaivutia wodi ya wazazi waya siku hiyohiyo.

Ijumaa, 14 Machi
Umeme umekatika tena. Dada kapiga: wodini taa zinawaka, mashine za joto zinafanya kazi, watoto wamo ndani.
Kabla sijakata simu Usiguse kaingia na wageni. Kaona taa za seva mbili tu.
"Nani kazima?"
"Mimi."
"Washa zote. Sasa hivi."
Nimewatoa kwa adabu, nikafunga mlango. Ufunguo uko mfukoni. Naandika nikiwa nimeegemea swichi za seva, siondoki. Ameshamwita mkurugenzi. Nawasikia nje. Usiguse anasema nimeharibu mali ya hospitali. Mkurugenzi, mama wa maneno machache, kamkatiza: wodi ina watoto wangapi kwenye mashine sasa hivi?
Usiguse hajui.
Nimejibu mimi, kupitia mlangoni: wanne.
Mkurugenzi kamwambia Usiguse asogee pembeni. Sasa kitasa kinazungushwa, polepole —